Mshipa Uliovuta

  

Ijumaa moja, baada ya swala, mama mmoja wa hapa Kimbiji alitusubiri kwenye baraza ya ofisi ya msikiti. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu twauita sikoseli. Humpeleka kliniki Muhimbili: daladala hadi Kigamboni, pantoni hadi Magogoni, kisha daladala nyingine, na akiondoka baada ya alfajiri ni bahati akirudi kabla ya Maghrib. Safari hii aliambiwa kuwa upo utafiti wa vinasaba, akaombwa ridhaa ili mtoto atolewe damu kidogo zaidi ya ile ya vipimo vya kawaida. Akaomba muda wa kushauriana na mumewe.

Nyumbani mambo yakawa mazito. Jamaa wa upande wa mume walisema damu ya mtoto haitolewi hovyo, itapelekwa Ulaya kuuzwa. Na kwamba kuitazama damu ili kujua yatakayompata mtu ni ramli iliyovaa koti jeupe. Kisha likasemwa neno moja kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomliza mbele yetu: kwamba ugonjwa huu haukuwako katika ukoo wao, ameuleta yeye.

"Ustadhi," akasema, "nijibuni mawili. Kuitoa damu hiyo ni halali? Na ugonjwa huu nimeuleta mimi?"

Tulimwomba wiki moja, tukachukua nne. Safu ya leo ni jibu lake, naye ametupa idhini ya kulisimulia bila kumtaja jina.

Tuanze na swali la pili, maana ndilo linaloumiza.

Katika chembe za miili yetu Mola ameweka maandishi ya urithi ambayo wataalamu huyaita jenomu, yenye herufi zipatazo bilioni 3. Katika kinasaba kimoja kinachoelekeza namna ya kutengeneza himoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, herufi moja tu ikibadilika, himoglobini hushikamana pindi oksijeni inapopungua. Chembe nyekundu, ambayo kwa asili ni laini na ya mviringo, hujipinda mfano wa mundu; ndiko lilikotoka jina selimundu. Chembe iliyojipinda hukwama katika mishipa midogo, na hapo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Hufa pia kabla ya wakati wake, ndipo damu ikapungua na macho yakawa ya manjano.

Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba hicho, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika haugui. Ni mbebaji tu, na aweza kuvua, kulima na kuzeeka asijue. Anayeugua ni aliyepokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo jibu la mama yule ni hili: hukuuleta wewe peke yako, na hakuuleta mumeo peke yake. Wazazi wawili walio wabebaji wanapopata ujauzito, nafasi ya mtoto kuugua ni moja kati ya nne, na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Wako wanaodhani kuwa wakishampata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo.

Twaikumbuka hapa hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Bwana mmoja wa kabila la Fazara alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amejifungua mtoto mweusi, na maneno yake yalikuwa na harufu ya kumkana mtoto. Mtume hakumkemea. Alimuuliza kama anao ngamia, na rangi zao ni zipi. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama hakuna hata mmoja wa rangi ya majivu. Akakiri kuwa wapo. Alipoulizwa rangi hiyo imetoka wapi, bwana yule mwenyewe ndiye aliyejibu kuwa huenda ni mshipa wa asili uliovuta. Naye Mtume akamrudishia jibu lake: huenda na mwanao pia umemvuta mshipa. Tazama, ndugu msomaji, namna heshima ya mwanamke ilivyolindwa kwa hoja ya urithi, na kwa mfano ambao mfugaji yule hakuweza kuukataa. Wale wanaomnyooshea kidole mke kila mtoto anapougua, ngamia hawa wanawahusu.

Jambo jingine huchochea shutuma hizo. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Arobaini yake hupita, akikwa hufanywa, watu hula pilau na kumsifu kwa unene wake. Ifikapo nusu mwaka hivi, vidole vya mikono na miguu huvimba, homa huanza, na nyumba nzima humtafuta mchawi. Sababu ni kuwa akiwa tumboni mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, isiyo na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa mwili huiacha taratibu na kuanza kutengeneza ya kikubwa, na hapo ndipo kilichorithiwa hudhihirika. Hakuna jicho baya lililomkuta njiani.

Na kwa nini sisi wa pwani? Daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949. Akaona kuwa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi 20 katika kila 100, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa chini ya mmoja. Akajiuliza ni kitu gani kilichopo kwa mvuvi wa pwani na mvuvi wa ziwani lakini hakipo kwa mkulima wa mlimani. Ni mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mwenye nakala moja ya selimundu hulindwa dhidi ya malaria kali. Hivyo kinasaba ambacho leo chatutoa machozi ndicho kilichowabakiza hai baadhi ya babu zetu, wa ukoo wa mke na wa ukoo wa mume vilevile.

Hapa Tanzania hukadiriwa kuwa watoto takriban 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Kwa miaka mingi hatukuwa na daftari la kutuambia wanaishije na wanakufa lini. Mwaka 2004, Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mmoja mmoja. Hadi mwaka 2009 walikuwa wamewaandikisha 1,725; kati yao 86 walifariki katika kipindi hicho, na hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kwa walio chini ya miaka mitano. Kwa msomaji wa haraka hizo ni tarakimu. Sisi tunaoshika daftari la maziko la msikiti twaelewa kila moja inamaanisha nini. Lakini kuandika huko ndiko kulikoonyesha pa kuwahi: mtoto agunduliwe mapema, apewe penisilini ya kinga katika miaka yake ya mwanzo, chanjo, foliki asidi, na akingwe na malaria.

Kutoka katika daftari likazaliwa swali la vinasaba. Madaktari waliona kuwa watoto wawili wenye selimundu ileile hawaumwi sawasawa. Mmoja hulazwa kila mwezi, mwingine hucheza mpira. Tofauti mojawapo ni kuwa baadhi ya watu huendelea kutengeneza ile himoglobini ya kichanga hata wakikua, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo chembe zisivyojipinda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakiongozwa na Dokta Siana Nkya pamoja na washirika wa nje, walichapisha utafiti uliopekua jenomu za Watanzania 1,213 wenye selimundu ili kuona ni sehemu zipi za maandishi hayo zinazoamua kiasi cha himoglobini hiyo. Walithibitisha kuwa kinasaba kiitwacho BCL11A, kilichokwisha kutambuliwa kwa watu wa Ulaya, kina kazi hiyohiyo kwetu. Kazi yake ni mfano wa swichi: ndicho kinachoizima himoglobini ya kichanga.

Ndugu zetu walioko Maskati nao wamo katika kisa hiki. Wagonjwa wengi wa mashariki ya Bara Arabu wana asili ya selimundu inayoandamana na himoglobini ya kichanga kwa wingi, hivyo huumwa kwa nafuu. Oman ina asili hiyo, na pia ile ya Kibantu iliyovuka bahari kutoka huku kwetu. Majahazi hayakubeba karafuu na boriti peke yake.

Elimu ya namna hii ndiyo mzizi wa kile kiitwacho tiba mahususi, yaani mgonjwa kutibiwa kwa kuzingatia vinasaba vyake badala ya watu wote kupewa kipimo kimoja. Hata dawa ya malaria ya primakwini yaweza kupasua chembe nyekundu za mtu aliyerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao ni wengi Afrika, huku jirani yake akiinywa bila tabu. Tafiti nyingi za vinasaba duniani zimefanywa kwa watu wa asili ya Ulaya. Tukikaa nje ya daftari, dawa zitapimwa kwa miili ya wengine kisha tuletewe sisi.

Matunda yapo, japo hayajagawanyika sawa. Dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea huongeza himoglobini ya kichanga. Ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi, hapo jirani zetu wa pwani ya Kenya, na matokeo yaliyotolewa mwishoni mwa 2018 yalionyesha maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vikipungua. Hiyo ndiyo ambayo mzazi wa Kimbiji anapaswa kumuuliza daktari wake. Iko na nyingine iliyoruhusiwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo, iitwayo Casgevy: chembe za uloto wa mgonjwa hutolewa, ile swichi ya BCL11A ikavurugwa, kisha akarudishiwa. Wagonjwa wengi waliopewa walikaa mwaka mzima bila maumivu makali. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hatuna haja ya kuongeza neno hapo, ila kwamba damu za wagonjwa wa Muhimbili nazo zimo katika elimu iliyoithibitisha swichi ile.

Sasa tuje kwenye hoja ya ramli. Mvuvi wa Kimbiji hujua siku za bamvua na siku za maji mafu kabla hazijafika, wala hakuna aliyemwita mpiga ramli, kwa kuwa anasoma alama alizoziweka Allah katika mwezi na bahari. Anayesoma alama zilizo katika damu hatofautiani naye, maadamu hadai kujua siku ya kufa ya mtu. Na anayesema kupima ni kuikimbia kadari, na arejee kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh njiani kuelekea Sham, akaambiwa kuna tauni mbele, akarudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari, alimweleza kuwa anaitoka kadari ya Allah kuiendea kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja kavu na jingine lenye majani.

Hata hivyo, wanaoogopa hawana wazimu. Kabila la Wahavasupai la huko Arizona, Marekani, walitoa damu zao kuanzia mwaka 1990 wakielewa kuwa ni kwa ajili ya utafiti wa kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye waligundua kuwa damu hizohizo zimetumiwa kuchunguza maradhi ya akili na asili ya kabila lao, mambo ambayo hawakuyaridhia. Walishitaki chuo, na mwaka 2010 wakalipwa dola 700,000 na kurudishiwa damu iliyosalia. Chuo chenye jina kilikosea, tena kwa watu waliokiamini.

Wala si lazima twende Arizona. Sisi wenyewe tumekosea hapahapa msikitini. Kamati yetu iliwahi kupitisha kuwa wanaotaka kufunga ndoa walete ofisini karatasi za vipimo, pamoja na cha selimundu. Nia ilikuwa njema. Saudi Arabia imewalazimu wachumba kupimwa tangu mwaka 2004, na kila mmoja hubaki huru kuoa au kuacha baada ya kujua. Tukaona na sisi tuige. Karatasi tukaziweka katika jalada juu ya meza, na mwenye ufunguo wa ofisi ni katibu, yaani sisi. Mtu aliyekuja kusaidia kuandika kadi za mwaliko alilifungua jalada. Kabla ya siku tatu kupita, mtaa mzima ulikuwa ukimtaja binti mmoja kuwa ni mgonjwa, na upande wa mwanamume ukavunja posa.

Binti yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa mbebaji. Na yule kijana hakuwa hata mbebaji, hivyo hakuna mtoto wao ambaye angeugua. Ndoa ilivunjwa kwa ujinga wa waliosoma na kwa uzembe wa waliotunza. Tulikwenda kwao kuomba radhi; babake alitusikiliza akiwa amesimama, hakutukaribisha kukaa. Twalisimulia leo kwa idhini ya binti mwenyewe, aliyoitoa kwa sharti moja: tuandike bayana ni nani aliyekosea. Tumekosea sisi.

Tangu hapo hatupokei karatasi. Wachumba wanaposogea kwa imamu huulizwa kama wamekwenda kupima pamoja na kama wamepata ushauri wa mtaalamu, wakajibu ndiyo au hapana. Majibu ni yao. Wawili wakikuta wote ni wabebaji hatuwazuii, kwa kuwa mimba tatu kati ya nne kwa makadirio hazina ugonjwa, na wapo wanaoingia katika ndoa hiyo wakijua, wakajiandaa kumwahisha mtoto kliniki. Wapo pia wanaoachana kwa wema mapema. Masheikh wa wilaya tunaowashauriana nao hawajaafikiana kama imamu ashauri au anyamaze katika hali hiyo; sisi twaegemea upande wa kushauri, kwa faragha, na mara moja tu.

Limebaki swali la kwanza la mama. Baraza la Fiqhi la Makka chini ya Rabita lilikutana mwaka 1419 Hijria, sawa na 1998, likajuzisha elimu ya vinasaba kutumika kwa kinga na tiba ya maradhi, likashurutisha ridhaa ya mhusika na kutunzwa kwa siri yake. Kwa msingi huo tulimjibu kuwa kutoa damu ni halali, na lenye nia ya kuwafaa wagonjwa lina thawabu, lakini si faradhi, na hapati dhambi akikataa. Nchini kwetu utafiti wa aina hii hauanzi bila kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina mamlaka juu ya hilo pamoja na damu zinazosafirishwa nje. Kibali, lakini, hakimwondolei mzazi haki ya kuuliza. Tulimwambia aulize: damu itatumika kwa utafiti huu pekee au na mwingine baadaye? Itakaa wapi, na jina la mtoto litaonekana na nani? Likigunduliwa jambo la kumfaa mwanangu, nitaambiwa? Na nikibadili nia mwakani, naruhusiwa kujitoa bila matibabu yake kuguswa? Tukamsisitizia kuwa aombe kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida, tena na mtoto akiwapo, kwani wa miaka tisa ana masikio na mkono unaochomwa ni wake.

Alikwenda wiki iliyofuata. Aliuliza yote, akaridhia damu itumike kwa utafiti ulioelezwa, akakataa isihifadhiwe kwa tafiti zijazo, na hakuna aliyemkunjia uso. Mumewe alikuwa naye. Alikuwapo pia shemeji yake, mdogo wa mume, ambaye anatarajia kuoa baada ya Idi. Alipanda nao pantoni ile ya alfajiri pamoja na mchumba wake na shangazi wa mchumba, ili wapimwe wote wawili. Majibu yao hatukuyauliza.